Kuwapokea Sungura Wageni

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wengi wa gazeti letu watakumbuka kwamba mwezi wa Februari mwaka huu Kikundi cha Ufugaji kilileta hapa shuleni sungura sita wa aina ya chinchila. Watakumbuka pia kwamba siku ya tisa walikuwa wamebaki watatu. Maneno mengi yalisemwa juu ya vifo vile. Wengine walisema baridi ya Kiruruma imewashinda. Wengine walisema tuliuziwa wagonjwa. Na mzee mmoja anayetuletea kuni alisema kwamba sungura ni mnyama wa porini na porini ndiko kwake. Mimi nilikuwa msimamizi wa kikundi siku zile, na hata sasa ndimi, nami nasema kwamba hayo yote si kweli. Sungura wale tuliwaua sisi wenyewe, tena kwa ukarimu. Mwezi wa Aprili tulileta wengine wanne, na wote wanne ni wazima mpaka leo. Nataka kueleza tofauti ya mapokezi yale mawili, maana wako wanafunzi wanaotaka kufuga kwao, na wako wazazi ambao wameahidiwa vitoto.

Kwanza niondoe shaka juu ya jina. Chinchila mwenyewe si sungura. Ni mnyama mdogo wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, jamaa ya simbilisi, mwenye mkia wa manyoya kama wa kindi. Manyoya yake ni laini kupita kiasi: katika kitundu kimoja cha ngozi, mahali ambapo sisi tunaota unywele mmoja, yeye huota hamsini au zaidi. Uzuri huo ndio uliokuwa msiba wake. Aliwindwa kwa ajili ya makoti ya matajiri hata akakaribia kwisha, na mwaka 1910 serikali za Chile, Bolivia, Peru na Argentina zilipatana kukataza uwindaji wake. Sungura wetu wamepewa jina hilo kwa sababu ya rangi tu. Aina hii ilitengenezwa Ufaransa na Bwana Dybowski, ikaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1913. Ukipuliza manyoya ya ubavuni yatafunguka kama ua, nawe utaona chini kabisa rangi ya samawati iliyokolea, kisha kijivu cheupe, na kwenye ncha weusi kidogo. Tulipowaona kwa mara ya kwanza kila mtu alitaka kupuliza. Hapo ndipo taabu ilipoanza, lakini nitafika.

Nimemtaja chinchila wa kweli kwa sababu ya pili pia. Mmarekani mmoja, Mathias Chapman, mhandisi wa madini huko Chile, alitaka kuwapeleka kwao ili wafugwe. Mwaka 1923 aliwafikisha California wanyama kumi na mmoja, na wengi wa chinchila wanaofugwa Marekani leo ni wa ukoo wa hao. Yasimuliwa kwamba hakuwashusha kwa haraka. Aliwateremsha mlimani kidogo kidogo, muda wa karibu mwaka mzima, ili miili yao izoee hewa ya chini. Na melini waliwekewa barafu wasife kwa joto. Mwaka mzima kwa wanyama kumi na mmoja! Sisi sungura wetu tuliwatoa Bukoba asubuhi, na jioni ile ile walikuwa mikononi mwa bweni zima.

Sasa nieleze yaliyotokea, wala sitajificha.

Mradi wetu ni wa Elimu ya Kujitegemea, yaani ile siasa ya mwaka 1967 iliyotaka kila shule iwe pia mahali pa kazi. Fedha tulichanga wenyewe. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alitoa fedha za kahawa alizopewa na babu yake anunulie madaftari, akaahidiwa kwamba jike mmoja atahesabiwa kuwa wake. Tukaenda wawili pamoja na Mwalimu wa Kilimo kwa mfugaji mmoja karibu na Bukoba. Mfugaji yule alitwambia wazi kwamba sungura wake wamezoea majani makavu na pumba za mahindi. Tukaitikia, “Ndiyo, mzee,” kama watu wanavyoitikia wakati macho yao yako kwingine. Tukawatia wote sita katika tenga moja la kuku, mimi nikashauri lifungwe juu ya keria ya basi ili abiria wasisumbuliwe. Siku ile jua lilikuwa kali. Tulikaa njiani saa nyingi, na basi liliposimama hatukupanda kuwaangalia.

Tulipofika, kengele ya chakula cha jioni ilikuwa imekwisha lia, na habari zikaenea kabla hatujafungua tenga. Walikuja na tochi. Kila mmoja alitaka kumshika sungura, na wasiojua kushika waliwainua kwa masikio. Kisha likaja suala la chakula. Kwetu Karagwe mgeni haketi kitambo bila kutiliwa punje za kahawa mkononi atafune, na akiwa ametoka mbali atapikiwa. Tulifikiri basi, hawa wametoka mbali, hawajala tangu asubuhi, wapewe kilicho bora. Tukaleta kabichi kutoka bustani ya shule, rundo zima, likiwa limenyeshewa, tukawajazia kibanda. Walikula kidogo mbele yetu, nasi tukafurahi. Nakumbuka nilikwenda kulala nikijiona mchungaji hodari.

Siku ya pili asubuhi mmoja alikuwa akiharisha. Siku ya nne alikufa. Siku ya sita akafa mwingine, na huyo ndiye jike wa yule wa Kidato cha Pili. Hakusema neno, alichukua jembe akaenda kuchimba. Siku ya tisa alikufa dume. Mwalimu wetu wa Biolojia alimfungua dume huyo mbele yetu katika maabara, na somo lile ni moja ya masomo ambayo sitayasahau. Mwanzoni mwa utumbo mpana sungura ana mfuko mkubwa kuliko tumbo lenyewe. Mfuko ule ulikuwa umejaa hewa na maji yenye povu. Mwalimu alisema hawezi kuapa kwamba ni kabichi peke yake, au jua peke yake, au hofu peke yake. Alisema vitu hivyo vitatu vikimjia sungura siku moja, huwa ni kama watu watatu wanaomsukuma mtu mmoja.

Ili kufahamu jambo hilo inafaa kujua mwili wa sungura. Katika mfuko ule wanaishi vijidudu wengi sana, bakteria, ambao kazi yao ni kumsagia majani. Sungura hali kwa ajili ya nafsi yake tu, analisha mji mzima. Chakula kilichosagwa na bakteria hutoka kama vipunje laini vilivyoshikana, hasa usiku au alfajiri, naye huvila tena moja kwa moja kutoka mkunduni ili apate vitamini na protini zilizomo. Wengi hucheka wakisikia hivyo, lakini sungura asipofanya hivyo hudhoofika. Bakteria hao wamezoea chakula fulani. Ukibadilisha chakula ghafula, wale wazuri hufa, wabaya wakaongezeka, hewa ikajaa. Naye sungura hawezi kutapika wala hacheui kama mbuzi. Kilichoingia hakina njia ila moja. Kwa hiyo tumbo lake sharti liwe katika mwendo daima. Akikaa mchana na usiku bila kula, hali yake ni ya hatari tayari, hata kama macho yake ni maangavu.

Jambo la pili ni hofu. Sungura ni chakula cha kila mtu: mwewe, nyoka, kicheche, paka, mbwa, na mwanadamu. Macho yake yamewekwa ubavuni mwa kichwa ili aone karibu pande zote, hata nyuma, ila mbele ya pua yake hasa haoni vizuri. Mkono unaomjia usoni kwa ghafula, kwake huo ni mwewe. Akishikwa na hofu tumbo husimama, na akiruka mikononi mwa mtu aweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe kwa nguvu za miguu yake ya nyuma, kwa kuwa mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ni mikubwa. Ni mnyama asiyepiga kelele, kwa hiyo watu hudhani ametulia wakati ambapo ameganda kwa woga. Sungura wetu waliposimama kimya chini ya tochi arobaini, tulisema, “Tazama, wameshazoea!”

Hapo nilikumbuka usiku wangu wa kwanza katika shule hii, nilipokuwa Kidato cha Kwanza. Kila mtu aliniuliza jina, na natoka wapi, na shule gani ya msingi, na alama ngapi. Walikuwa wakarimu. Nami nilichotaka ni kukaa karibu na tranka langu, nisiulizwe.

Mwezi wa Aprili, baada ya kuchanga tena (na safari hii wengi walikataa, wala siwalaumu), tulikwenda kwa mfugaji yule yule. Safari hii tulimsikiliza. Tulinunua kwake, pamoja na sungura wanne, mfuko wa majani makavu na mfuko wa pumba, vya kuwatosha majuma mawili. Tuliomba pia konzi ya matandiko ya zamani kutoka katika kila kibanda, yaani majani yenye harufu yao. Mzee alitazamana na Mwalimu akacheka, lakini akatupa. Kila sungura alipata katoni yake iliyotobolewa matundu, majani makavu chini, na kipande cha karoti cha kutafuna njiani badala ya maji yanayomwagika. Tuliondoka alfajiri. Katoni zilikaa magotini mwetu ndani ya basi, upande usiopigwa na jua, na hatukufungua hata moja, ijapokuwa abiria waliomba sana.

Kibanda kilikuwa tayari kabla hatujaondoka, na hilo ni la lazima. Haifai kugongelea misumari wakati wageni wako ndani. Kimejengwa nyuma ya karakana ya useremala, mgongo kwa upepo, mbali na jikoni ambako mbwa hungoja mifupa. Kimeinuliwa kiasi cha meta moja kutoka chini, na paa limetoka mbele ili mvua isipigie ndani. Sakafu ni wavu wa waya wenye matundu madogo ya kupitisha kinyesi, lakini nusu yake tumeweka mbao, kwa sababu sungura akikaa juu ya waya siku zote hupata vidonda vya nyayo. Ndani ya kila chumba kuna kisanduku cha mbao chenye mlango mmoja, giza ndani. Kisanduku hicho ni cha thamani kuliko vitu vyote vingine. Sungura mwenye mahali pa kujificha hajifichi sana. Asiye na mahali hujikunyata pembeni mchana kutwa. Tena kila mguu wa kibanda umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Wenyeji wa huku wanajua sababu. Usiku mmoja wa mwezi huo wa Aprili siafu walipita, na asubuhi tuliona njia yao imezunguka makopo yote manne na kuendelea kuelekea kwenye migomba.

Baridi ya kwetu haikuwatisha hata kidogo. Sungura ana koti lake. Joto ndilo linalomwumiza, kwa kuwa hatoi jasho kama sisi, anapoza damu kwa masikio. Joto likipita digrii 30 huanza kuhema, na likizidi hufa. Hapa Karagwe, juu milimani, tumepata bahati. Ila unyevu na upepo wa moja kwa moja vyaweza kumletea mafua, na moshi pia. Nyumba nyingi hulaza kuku jikoni; sungura asilazwe huko.

Jioni ile tulipofika tulifungua kila katoni ndani ya chumba chake, tukatia matandiko yao ya zamani katika kisanduku, tukaweka maji na majani makavu, tukafunika nusu ya mbele kwa gunia, tukaenda zetu. Ndiyo yote tuliyofanya. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili niliyemtaja alijitolea kusimama njiani na kuwarudisha watazamaji. Tulikuwa tumeandika tangazo: “HAKUNA KUONA SUNGURA MPAKA JUMAMOSI.” Mwalimu wa Kiswahili alipita akalisoma, akatoa kalamu, akaandika badala yake: “Sungura wamechoka. Hawapokei wageni.” Tangazo lile lilifanya kazi kuliko letu.

Siku tano za kwanza tuliwapa chakula cha Bukoba peke yake. Siku ya sita tulichanganya sehemu moja ya majani yetu na sehemu tatu za yale yao. Baada ya siku tatu nusu kwa nusu. Baada ya tatu nyingine sehemu tatu zetu na moja yao. Na majuma mawili yalipokwisha walikuwa wenyeji. Majani yetu tunakata asubuhi umande ukiisha kukauka, tunayatandaza kivulini mpaka yanyauke, ndipo tunawapa jioni. Nyasi ndicho chakula kikubwa, mabichi yaliyonyauka au makavu, kwa sababu meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na nyasi ndizo zinazoyapunguza. Juu ya hizo huongezwa kidogo majani ya viazi vitamu, mchicha, mabingobingo machanga, au kishona nguo kabla hakijatoa mbegu. Bustani inayopaliliwa ni ghala la sungura. Hakuna haja ya kununua. Lakini majani ya viazi mviringo, ya nyanya na ya mparachichi yana sumu kwake, na hapa kwetu miparachichi iko kila uani, kwa hiyo watoto waonywe. Kabichi sitasema kwamba ni sumu. Sungura aliyezoea aweza kupewa kipande kidogo. Mimi mwenyewe siwapi.

Siku ya pili jioni tulipata hofu. Jike mmoja alikuwa hajagusa chakula. Tulihesabu vipunje vya kinyesi chini ya chumba chake (kazi hii ifanyike kila asubuhi, maana vipunje vinasema mapema kuliko macho) tukakuta vichache, vidogo, vikavu. Wengine walitaka kumtoa, kumpapasa tumbo, kumlisha kwa nguvu. Mwalimu wa Kilimo aliuliza swali moja: kule Bukoba alikunywa katika chombo gani? Tukakumbuka vibakuli vya udongo. Sisi tulimpa kopo la bati, nalo likigusa waya lilikuwa likilia. Hakuwa amekunywa, na sungura asiyekunywa hawezi kula vikavu. Tuliazima kibakuli cha udongo kwa mama mmoja jirani wa shule, tukakiweka gizani, tukaondoka. Asubuhi kilikuwa nusu, na majani yamepungua. Lau asingekunywa usiku ule tungempeleka kwa bwana mifugo, kwa kuwa siku ya tatu ingekuwa kuchelewa.

Siku tano hizo hakuna aliyewashika. Juma la pili nilianza kukaa mbele ya kibanda kila alasiri na kitabu changu, nikisoma kwa sauti ya kawaida, bila kuwatazama. Nilikuwa na mtihani wa majaribio wa Historia. Nadhani sungura wetu sasa wanajua habari za vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 mpaka 1907 kuliko wanafunzi fulani wa Kidato cha Tatu. Mwanzo walikuwa wakipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, kishindo kimoja, ambayo ni alama ya kuwaonya wenzao. Kisha kishindo kikakoma. Kisha pua moja ikatoka mlangoni mwa kisanduku. Siku ya kumi na mbili dume alikuja mpaka kwenye waya akanusa kurasa. Hapo niliweka mkono wazi ndani, ubavuni kwake, si mbele ya uso, nikauacha hapo. Aliunusa, akaenda zake. Kesho yake aliurudia.

Ukitaka kumwinua, weka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, umbane kifuani kwako kama kitoto mchanga. Masikio usiyaguse. Akisaga meno polepole unapompapasa, ameridhika; akiyasaga kwa nguvu na amejikunja, ana maumivu. Na akijitupa ubavu ghafula na kunyosha miguu, usiogope kama nilivyoogopa mimi nikapiga kelele kwamba wa nne amekufa. Hiyo ndiyo namna yake ya kulala akiwa hana shaka na mtu.

Wageni hawa hatukuwachanganya na wale watatu waliosalia. Waliwekwa mbali majuma matatu, kwani mgeni aweza kuwa na ukurutu, mafua au minyoo ambayo bado haijaonekana. Tena wenyeji nao waweza kumpa yeye. Tulikuwa tukiwahudumia wenyeji kwanza, kisha wageni, kisha kunawa mikono kwa sabuni. Baadaye vibanda vilisogezwa karibu, wakawa wanaonana na kunusana kupitia waya. Madume wawili wasiwekwe pamoja kamwe, watajeruhiana vibaya. Na wakati wa kupandisha, jike ndiye apelekwe kwa dume. Dume akiletwa katika chumba cha jike, jike humwona kuwa mvamizi wa nyumba yake na kumpiga.

Msomaji ataniuliza kama maneno haya yanawahusu wanyama wengine. Kwa kiasi ninachojua, yanahusu wengi. Watu wa Ulaya na Marekani wanaochukua chinchila wa kweli nyumbani hupewa shauri lile lile: chakula alichozoea, kimya, kisanduku cha kujificha, na siku kadhaa bila kuguswa. Tofauti ni kwamba chinchila hapaswi kuloweshwa maji, kwa kuwa manyoya yake mazito hayakauki upesi. Huoga kwa kugaagaa katika vumbi laini. Na joto humwumiza mapema kuliko sungura, hata kabla ya kufika digrii 30. Simshauri mtu yeyote hapa kumtafuta. Sungura na simbilisi wanatutosha.

Mwezi wa Juni tulimpandisha jike yule wa kibakuli cha udongo, na baada ya siku thelathini na moja, mwezi wa Julai, alizaa vitoto sita katika kisanduku, juu ya manyoya aliyojinyonyoa kifuani. Kimoja kilikufa siku ya kwanza. Vitano viko wazima, vina rangi ya mama yao, na mwishoni mwa Septemba vitakuwa vimeacha ziwa. Wazazi walioahidiwa waje Jumamosi asubuhi, si jioni. Kila kitoto kitatolewa na mfuko wa majani makavu na pumba wa majuma mawili, pamoja na konzi ya matandiko, na asiyetaka kuchukua mfuko hatapewa kitoto, hata akilipa zaidi. Tumekubaliana hivyo katika mkutano, na imeandikwa.

Mimi namaliza mwezi wa Novemba. Kikundi kimemchagua yule wa Kidato cha Pili kushika nafasi yangu, na kitoto cha kwanza, jike, ni chake bila malipo. Katoni yake iko chini ya kitanda chake tangu juma la kwanza la Agosti, imekwisha tobolewa matundu pande zote nne, na ndani yake ameweka kibakuli cha udongo.